Handaki limeunganika, pakiti iko wapi?

Sentensi ninayoisikia kuliko zote kazini ni hii: "Fundi, VPN imeunganika, ila hakuna kinachofunguka." Huja kwa simu, huja kwa ujumbe, na anayeisema huona kwamba nusu yake ya pili inaipinga ya kwanza. Kwa miaka ambayo nimekuwa nikisimamia seva za VPN (handaki lililosimbwa linalopita ndani ya intaneti) za ofisi zenye matawi, nimeona kwamba hazipingani. Kuunganika ni jambo moja na kufika ni jingine, na sehemu kubwa ya kazi ya kusanidi demoni ya VPN, yaani programu inayoendesha handaki kimyakimya, iko katikati ya hayo mawili, nje kabisa ya faili la mipangilio.

Demoni yenyewe haina mambo mengi. Chukua OpenVPN, iliyoanzishwa na James Yonan mwaka 2001. Ikiwashwa hufungua kadi ya mtandao isiyo ya chuma, kwa kawaida tun0. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiamua kwamba pakiti fulani (kifurushi kidogo cha data) ipitie tun0, demoni huisoma, huisimba, huifunga ndani ya pakiti nyingine, mara nyingi ya UDP kwenye poti 1194, na kuituma kwa mwenzake. Huyo wa pili huifungua na kuikabidhi kwa kerneli yake. Basi. Nani aliamua pakiti iingie tun0? Jedwali la njia. Nani ataruhusu itoke upande wa pili kwenda kwenye seva ya hesabu? Kerneli na fayawoli. Nani atalionyesha jibu njia ya kurudi? Mashine ambayo huenda haina habari kwamba kuna VPN. Ndiyo maana mtu anaweza kukesha na server.conf, akibadilisha mstari huu na ule, wakati faili halina kasoro hata moja.

Kwa hiyo sianzi na faili. Naanza na tcpdump, amri ya kuchungulia pakiti zinazopita, madirisha mawili kwenye seva ya VPN: moja linasikiliza tun0, jingine linasikiliza kadi inayoelekea mtandao wa ndani. Kisha namwomba mtumiaji aipige ping (ombi dogo la kuuliza kama mashine ipo) seva anayoitafuta, na asiache mpaka nimwambie.

Kuna tawi ambalo lilikuwa haliwezi kufungua seva ya hesabu. Kwenye dirisha la kwanza niliziona pakiti zikiingia, moja kila sekunde, kutoka 10.83.41.6 kwenda 192.168.77.20. Dirisha la pili lilikuwa tupu. Hapo tayari mambo mengi yameshajibiwa bila kufungua faili lolote: vyeti ni vizima, poti iko wazi, usimbaji unafanya kazi, maana pakiti imefika na imefunguliwa. Kilichobaki ni kerneli kukataa kuihamisha kutoka kadi moja kwenda nyingine. Nikauliza:

sysctl net.ipv4.ip_forward

Ikajibu 0, yaani haina ruhusa ya kuhamisha pakiti. Siku seva ilipowekwa, ruhusa hiyo iliwashwa kwa amri ya papo hapo tu, haikuandikwa popote ndani ya /etc/sysctl.d/. Seva ikafanya kazi vizuri kwa muda mrefu, hadi ilipozimwa na kuwashwa kwa ajili ya masasisho. Ilipoamka, ruhusa haikuwepo.

Baada ya kuweka 1, dirisha la pili likaanza kusogea: ombi linatoka, ombi linatoka, ombi linatoka. Jibu hakuna. Hapa wengi hukata tamaa wakidhani tatizo ni lile lile, kumbe la kwanza limekwisha na hili ni jipya. Seva ya hesabu ilikuwa inaipokea ping na kuijibu, lakini haikuwa na njia ya kwenda 10.83.41.0/24, mtandao wa wateja wa VPN, hivyo ilimpa jibu ruta mkuu wa ofisi, naye asiyeujua mtandao huo akalisukuma nje kwenye intaneti likapotelea huko.

Tiba ziko mbili. Ya haraka ni kuiambia seva ya VPN ifiche anwani za wateja nyuma ya anwani yake (MASQUERADE kwenye iptables, chombo cha fayawoli ya Linux), ili seva ya hesabu ijibu jirani inayemfahamu. Ya pili ni kuweka kwenye ruta mkuu njia inayosema 10.83.41.0/24 inapatikana kupitia seva ya VPN. Mimi huchagua ya pili kila ninapopewa ruhusa ya kugusa ruta. Ukificha anwani, kumbukumbu za seva zote za ndani zitaonyesha kwamba kila kitu kimefanywa na mashine moja, na siku utakapotakiwa kujua nani alifuta nini, hutakuwa na pa kushika.

Yapo mengine ya aina hiyo hiyo. Kwenye seva moja, wateja wote walikatika ghafla bila mtu kugusa VPN. Mwenzangu alikuwa amesakinisha programu ya kuendeshea makontena kwenye mashine ile ile, nayo ikabadilisha sera ya mnyororo wa FORWARD, unaohusu pakiti zinazovuka mashine, kuwa DROP, yaani tupa. Demoni ya VPN haikuwa na hatia wala habari. Na kwa wanaounganisha ofisi nzima nyuma ya mteja mmoja wa OpenVPN, kuna jambo ambalo ni lazima lisemwe mara mbili: mstari wa route ndani ya faili la seva unaiambia kerneli kwamba mtandao wa tawi uko upande wa tun0, lakini demoni yenyewe, yenye wateja wengi, bado haijui ni mteja yupi mwenye mtandao huo. Hiyo ni kazi ya iroute ndani ya faili la mteja husika kwenye saraka ya client-config-dir. Ukiweka route bila iroute, logi itakuandikia "MULTI: bad source address from client" na pakiti itatupwa. Mstari huo wa logi ni mmoja wa iliyo wazi kabisa ukishajua unachosema.

Anwani zenyewe ndizo uamuzi wa kwanza, na ndio ulio mgumu kuubadilisha baadaye. RFC 1918, hati ya viwango vya intaneti ya mwaka 1996, ilitenga 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 kwa mitandao ya ndani. Nafasi ni kubwa sana, lakini watu wengi hujazana kwenye vyumba viwili, 192.168.0.0/24 na 192.168.1.0/24, kwa kuwa ndivyo ruta nyingi za nyumbani zinavyotoka kiwandani. Ofisi ikitumia 192.168.1.0/24 na mfanyakazi nyumbani kwake ana 192.168.1.0/24, kompyuta yake ikitafuta 192.168.1.20 itaitafuta sebuleni, si ofisini, na itakuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Unaweza kubadilisha anwani njiani kwa NAT ya pande mbili, lakini kila atakayerithi seva hiyo atateseka. Ninapopewa mtandao mpya kuujenga, nachagua kipande kisicho na umaarufu ndani ya 10.0.0.0/8, nambari ambazo hakuna mtu angeziweka kwa mazoea, kwa ofisi na kwa VPN yenyewe. Nimewahi kusimama imara kwenye kikao nikiomba anwani za ofisi nzima zibadilishwe kabla ya VPN kuwekwa, na bado naamini ilikuwa kazi halali.

Tatizo lililonifundisha zaidi ya yote ni la ukubwa wa pakiti, kwa sababu linavaa sura ya uzima. Ping inapita. SSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inaingia, jina la seva linaonekana, amri fupi zinajibu. Kisha unaandika ls kwenye saraka yenye mafaili mengi na skrini inaganda. Tovuti ya ndani inaonyesha kichwa cha ukurasa na kuishia hapo. Mtumiaji anasema VPN ni nzito leo. Sio nzito, vidogo vinapita na vikubwa vinapotea.

Bahasha ikiingizwa ndani ya bahasha nyingine, ile ya ndani lazima iwe ndogo. Ethernet ya kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1500. WireGuard, VPN nyingine ninayoitumia, huongeza baiti 60 ikisafiri juu ya IPv4 na 80 ikisafiri juu ya IPv6, na ndiyo sababu kadi yake kwa kawaida hupewa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1420: ni 1500 toa 80. Sasa tazama mtu aliye nyuma ya laini ya intaneti ya PPPoE, ambayo hubeba 1492 tu. Kwa IPv4 pakiti yake iliyojaa itakuwa 1480, itapita. Kwa IPv6 itakuwa 1500, imezidi kwa baiti 8. Kompyuta ile ile, seva ile ile, mipangilio ile ile. Leo jina la seva limejibiwa kwa anwani ya IPv4 na mambo yanaenda, kesho limejibiwa kwa IPv6 na mambo yanakwama. Nani angeshuku baiti 8?

Pakiti ya nje ikizidi kipimo cha njia, ama hukatwa vipande, na fayawoli nyingine hutupa vipande, ama hutupwa nzima na ruta ambayo inatakiwa kumtumia mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba pakiti ni kubwa mno. Lakini wasimamizi wengi huzuia ICMP yote kwa imani kwamba ni usalama. Ujumbe haufiki, mtumaji anaendelea kutuma pakiti ile ile kubwa, na hakuna upande unaolalamika. Napima hivi, nikiwa ndani ya handaki:

ping -M do -s 1392 10.83.41.1

Hiyo 1392 haihesabu baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, kwa hiyo inalijaza handaki la 1420 sawasawa. Isipojibiwa, napunguza mpaka ijibu. Ikijibiwa kwenye 1352, najua MTU inayofaa ni 1380 na naiandika kwenye pande zote mbili. Kwa trafiki ya TCP kuna msaada mwingine, unaowekwa kwenye seva:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Mstari huo hubadilisha ukubwa ambao pande mbili za TCP huafikiana mwanzoni mwa mazungumzo. OpenVPN ina mssfix yake yenye kazi hiyo hiyo. Ni msaada mzuri, ila haugusi UDP, na simu za video zinapita kwa UDP. MTU sahihi inatibu vyote viwili, ndiyo maana naanza nayo.

Kuhusu kupitisha VPN yenyewe juu ya TCP, nitasema kifupi. Ipo mitandao inayozuia UDP, hoteli na maofisi ya watu, na hapo OpenVPN juu ya TCP kwenye poti 443 huokoa siku. Lakini iwe akiba. TCP ya ndani na TCP ya nje zote mbili hudhani ni wajibu wao kurudia kilichopotea, na laini ikiyumba kidogo zinarudia juu ya marudio ya mwenzake mpaka handaki linasimama. Nafungua demoni mbili, moja ya UDP na moja ya TCP, kila moja na kipande chake cha anwani, na mteja anajaribu ya UDP kwanza.

Mgandamizo nao niliuacha. Mwaka 2018 shambulio lililopewa jina VORACLE lilionyesha kwamba kubana data kabla ya kuisimba kunaweza kuvujisha yaliyomo kwa mtu anayepima urefu wa pakiti. Mistari ya comp-lzo iliyobaki kwenye mafaili ya zamani inaleta na usumbufu mwingine: ikiwepo upande mmoja na kukosekana upande wa pili, handaki linaunganika vizuri kabisa na hakuna kinachopita.

WireGuard ilipoingia ndani ya kerneli ya Linux toleo la 5.6, Machi 2020, nilihamisha matawi mengi huko, na sijajuta. Mipangilio ya upande mmoja inatosha kwenye skrini bila kushuka chini. Hakuna vyeti, kuna jozi za funguo tu. Lakini mtu aliyezoea OpenVPN anapaswa kubadilisha masikio yake. OpenVPN inaongea, ikishindwa inaandika kwenye logi. WireGuard haisemi kitu. Pakiti isiyo na ufunguo inaoutambua haijibiwi hata kwa kukataliwa, na hilo limefanywa makusudi, ili anayepekua poti kutoka nje asijue kama kuna mtu nyumbani. Gharama yake ni kwamba ufunguo uliokosewa herufi moja, poti iliyofungwa na seva iliyozimwa vyote vina sura moja: ukimya.

Ndipo amri ya wg show inakuwa rafiki. Naangalia mstari wa latest handshake, yaani salamu ya mwisho. Handaki lenye trafiki husalimiana upya karibu kila dakika 2, na funguo za muda zikizidi sekunde 180 hazikubaliwi tena. Salamu ya mwisho ikiwa ya nusu saa iliyopita huku mtu anajaribu kutuma, handaki limekufa hata kama kadi wg0 inaonekana imewaka. Kisha naangalia AllowedIPs, na hapa nawaomba wanaoanza wasipite haraka. Mstari huo una kazi mbili kwa wakati mmoja. Pakiti inapotoka, unasema anwani hizi ni za mwenza yupi. Pakiti inapoingia, unasema mwenza huyu anaruhusiwa kutumia anwani zipi za chanzo. Ukiwapa wenza wawili kipande kile kile, aliyeandikwa mwisho anakichukua, na wa kwanza anakipoteza bila onyo lolote. Nimekutana na tawi lililozimika kila mara tawi jipya lilipoongezwa, kwa sababu faili la mwenza mpya lilikuwa nakala ya faili la zamani na mstari mmoja haukubadilishwa.

Kisa cha saa ndicho ninachowasimulia wenzangu wote wanaoweka WireGuard kwenye kompyuta ndogo. Tawi moja lilikuwa na kakompyuta ka bei nafuu kama ruta ya VPN, kasicho na betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kilikuwa kinawaka isipokuwa handaki. Msimamizi upande wa makao makuu alikuwa anaiwasha upya seva, handaki linarudi, na wote wanakubaliana kwamba seva ndiyo mbovu. Ilichukua muda kuamini kinyume chake, maana dawa ilikuwa inafanya kazi.

Sababu iko ndani ya itifaki. Kila salamu ya kwanza ya WireGuard hubeba muhuri wa wakati, na mpokeaji hukumbuka muhuri mkubwa kuliko yote aliowahi kuupata kutoka kwa mwenza huyo. Salamu yenye wakati wa nyuma hutupwa, ili mtu aliyerekodi salamu ya jana asiweze kuirudia leo. Kakompyuta kasicho na betri ya saa kakiamka kanadhani ni wakati uliopita, kanatuma salamu yenye muhuri wa zamani, na seva inaitupa kimya, kama inavyotakiwa. Seva ikiwashwa upya inasahau muhuri uliotangulia, inakubali salamu, na kosa linajificha. Juu ya hayo, mipangilio ya tawi ilikuwa inapitisha trafiki yote ndani ya handaki, pamoja na maombi ya NTP ya kurekebisha saa. Saa haiwezi kurekebishwa mpaka handaki lifunguke, na handaki halifunguki mpaka saa irekebishwe.

Tulichofanya ni kuruhusu NTP itoke nje ya handaki, na kuchelewesha wg-quick, amri inayowasha handaki, isianze hadi saa ilandanishwe, kwa kuitegemeza kwenye time-sync.target ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) pamoja na huduma ya systemd-time-wait-sync. Baadaye tukaongeza moduli ya saa yenye betri. Wanaotumia vyeti nao hawajapona kwa hilo: kompyuta inayodhani ni 1970 itakikataa cheti kizuri kabisa kwa hoja kwamba muda wake haujaanza.

Wakati una mtego mwingine, na huu ni wa OpenVPN. Ukitaka kumzuia mfanyakazi aliyeondoka, unabatilisha cheti chake na kutengeneza orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, kisha unaielekeza seva kwayo kwa mstari wa crl-verify. Orodha hiyo nayo ina tarehe ya mwisho. Easy-RSA 3, programu ya kutengenezea vyeti, usipoiambia vinginevyo, huipa siku 180. Tangu toleo la 2.4, OpenVPN ikikuta orodha imepitwa na tarehe hukataa kila mtu, si waliobatilishwa tu. Kwa hiyo unamfungia mtu mmoja leo, mambo yanakwenda vizuri, na miezi sita baadaye ofisi nzima inaamkia nje bila mtu kugusa kitu. Vyeti ni vizima, poti iko wazi, demoni inaonyesha active (running) kwa rangi ya kijani. Logi pekee ndiyo inasema: CRL has expired.

Kwangu mimi orodha hiyo sasa inatengenezwa upya kila mwezi na kazi ya cron, inayojiendesha kwa ratiba, na kuna ukaguzi tofauti unaosoma tarehe ya mwisho ya orodha, ya cheti cha seva na ya cheti cha mamlaka inayovitoa, ukinitumia ujumbe mapema. OpenVPN huisoma orodha mpya bila kuwashwa upya. Sharti ni moja, na limewatoa jasho wengi: demoni nyingi zikishafungua tun0 na kusoma ufunguo hushuka cheo, zikaendelea kama mtumiaji nobody. Huyo nobody lazima aweze kulifikia faili la orodha. Likiachwa ndani ya saraka ya pki iliyofungwa kwa root peke yake, halifikiki. Naliweka /etc/openvpn/server/ kwa ruhusa zinazosomeka. Kushuka cheo huko ndiko pia kunakofanya persist-key na persist-tun ziwe za lazima. Bila hizo, handaki likijiwasha upya lenyewe, nobody anajaribu kuusoma ufunguo asioruhusiwa kuuona, na demoni inakufa.

Funguo zenyewe nazitendea kwa ukali ambao watumiaji wengine huona ni usumbufu. Ufunguo wa siri wa WireGuard unazaliwa kwenye kifaa cha mtumiaji na haukitoki. Ananitumia wa hadharani tu. Ni rahisi zaidi kwa msimamizi kuzalisha jozi zote mwenyewe na kugawa mafaili kwa barua pepe, nimeombwa hivyo mara nyingi, na nakataa, kwa sababu kisanduku cha barua cha mtu hubaki na ufunguo huo miaka mingi baada ya wote kusahau. Kwenye OpenVPN sisahau remote-cert-tls server kwa wateja. Bila mstari huo, mwenye cheti cha mteja kutoka kwa mamlaka ile ile anaweza kujifanya seva.

Majina ni suala dogo kulisema, kubwa kulisikia kwenye simu. Malalamiko mengi ya "haifunguki" huisha nikimwomba mtumiaji aandike anwani kwa nambari. Ikifunguka, handaki ni zima na swali la DNS, la kugeuza jina kuwa anwani, ndilo limekwenda kwa seva ya nje isiyolijua jina la ndani. Na kwa wanaotaka trafiki yote ipite VPN, redirect-gateway def1 huongeza 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, ambazo hushinda njia ya kawaida bila kuifuta, lakini ni za IPv4. Mtumiaji mwenye IPv6 nyumbani ataendelea kwenda nje moja kwa moja huku akiamini amejificha. Ama handaki libebe IPv6 pia, ama aambiwe ukweli kwamba halibebi.

Linalobaki ni kugusa mipangilio ukiwa ndani ya handaki hilo hilo, na kila msimamizi wa mbali hufika hapo. Mstari mmoja wa fayawoli na umejifungia nje ya seva iliyo mbali na mtu yeyote mwenye ufunguo wa chumba chake. Kabla ya kugusa, nahifadhi hali ya sasa na kuweka saa ya kuirudisha:

iptables-save > /root/fayawoli.kabla
systemd-run --on-active=5m --unit=rudisha sh -c 'iptables-restore < /root/fayawoli.kabla'

Kisha nafanya mabadiliko. Nikibaki ndani, nafungua muunganisho mpya kabisa kutoka mwanzo, maana ule wa zamani unaweza kuendelea kuishi kwa sababu tu fayawoli bado inaukumbuka. Mpya ukikubali, nasimamisha rudisha.timer. Usipokubali, nasubiri dakika 5 mlango ufunguke wenyewe. Kwa mabadiliko ya wenza wa WireGuard siiwashi kadi upya, maana kufanya hivyo huwakata wote kwa ajili ya mmoja. Natumia:

wg syncconf wg0 <(wg-quick strip wg0)

Amri hiyo hulinganisha faili na hali iliyopo, hubadilisha kilichotofautiana tu, na waliokuwa katikati ya kazi zao hawahisi kitu. Haigusi njia wala anwani za kadi, kwa hiyo mwenza mpya mwenye mtandao nyuma yake bado anahitaji ip route add kwa mkono. Hapo ndipo tcpdump inafunguliwa tena, madirisha mawili, na mtu wa tawi jipya anaombwa aanze kupiga ping.